James Wong Howe, Fundi wa Mwanga

Wale mliokuwepo kwenye sherehe yetu ya mwaka jana mnazikumbuka zile picha: nguo zinang'aa, ukuta mweupe pee, na sisi wenyewe meno tu. Kamera niliishika mimi, kwa hiyo lawama nazipokea. Aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari za watu walioijua kazi ya taa, na huko nikamkuta jamaa mmoja Mchina, James Wong Howe.

Alizaliwa China mwaka 1899, akaletwa Marekani akiwa na miaka mitano. Baba yake alikuwa na duka huko Pasco, mji mdogo wa jimbo la Washington. Picha zake za utotoni zilitoka ndugu zake hawana vichwa (nilifarijika kidogo). Ujanani alipigana ngumi, halafu akaingia Hollywood kama mfagizi wa studio, kisha msaidizi wa kamera.

Bahati yake ililetwa na macho ya Mary Miles Minter, nyota wa enzi za filamu bubu. Yalikuwa ya bluu, na filamu za wakati ule zilikuwa haziioni rangi nyekundu, ila bluu waliigeuza karibu nyeupe. Basi macho ya dada huyo yakawa yanatoka kama ya kipofu. Howe akatambua kuwa jicho ni kioo, linaonyesha kilicho mbele yake. Akatundika mahameli nyeusi kuizunguka kamera, macho yakatoka meusi. Hakuongeza taa hata moja! Mimi na uhandisi wangu wote, picha ikiharibika naongeza taa tu.

Mwaka 1923 akawa mpigapicha mkuu, na kazi hiyo akaifanya zaidi ya miaka hamsini. Kila taa alitaka iwe na sababu: dirisha, kandili, mlango ulioachwa wazi. Kama chumbani pana taa moja, basi upande mmoja wa uso ubaki gizani. Katika Body and Soul ya 1947, filamu ya mabondia, alivaa viatu vya magurudumu, akashika kamera mkononi, akasukumwa ndani ya ulingo. Ngumi alizijua, asingekubali kuzipiga picha kutoka mbali.

Lakini huyu aliyewang'arisha wengine, sheria ilikuwa haimtambui. Mpaka 1943 Mchina mhamiaji hakuruhusiwa kuomba uraia wa Marekani. Mwaka 1937 alimwoa mwandishi Sanora Babb, Mmarekani mweupe, mjini Paris. Waliporudi California ndoa ile haikuhesabiwa kitu, wakawa wanaishi kila mtu na mlango wake. Wakati wa vita alivaa beji ya kusema yeye ni Mchina, asije akadhaniwa Mjapani. Sheria ya ndoa ilifutwa na mahakama kuu ya California mwaka 1948, wakaoana upya 1949. Sisi tunaopanga foleni za viza tunalielewa hilo bila kuelezwa.

Tuzo ya Oscar aliipata mara mbili, kwa The Rose Tattoo na kwa Hud. Alifariki 1976.

Mwezi uliopita nilijaribu upya na mwenzangu wa chumbani: flashi nimezima, yeye kaa karibu na dirisha, shuka jeupe upande wa pili. Uso ulitoka, mpaka kovu la shavuni. Sherehe ya mwaka huu njooni mapema kidogo, shuka ninazo mbili.