Shihabuddin Ahmad bin Majid na Kipimo cha Kidole

Katika maalimu wa bahari waliopita katika pwani zetu, jina la Shihabuddin Ahmad bin Majid ndilo lililoenea zaidi. Alizaliwa Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo, karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa mabaharia mashuhuri, naye akarithi elimu yao na kuisahihisha. Kitabu chake al-Fawaid alikitimiza mwaka 895 wa Hijra (1489–90), na alitunga shairi la kueleza njia ya Sofala.

Chombo cha mabaharia wa zama hizo kilikuwa kibao cha mti chenye uzi. Ukingo wa chini uliwekwa sawa na upeo wa bahari, na wa juu ukagusa nyota. Kimo kikahesabiwa kwa vidole. Duara zima lilikuwa vidole 224, basi kidole kimoja juu ya uso wa ardhi ni karibu kilomita 179, kaskazini kwa kusini.

Tazama maana yake. Apimaye kwa vidole vizima tu hawezi kupambanua Malindi na Mutomo, mji ulio bara huko Kitui, kwani tofauti yao haitimii kidole. Akikigawa kidole robo nne, kila robo ni kilomita 45 hivi. Hapo Malindi na Mombasa hupambanuka, maana kati yao ni kama nusu kidole. Lakini hata robo haimwonyeshi nahodha mlango wa bandari wala mwamba. Kwa hivyo bin Majid alifundisha kwamba nyota peke yake haitoshi: baharia atazame pia milima, ndege na rangi ya maji, na atie bildi.

Miongo mingi baada ya kufa kwake, Qutbuddin al-Nahrawali wa Makka aliandika kuwa ndiye aliyewaongoza Wareno kwenda Bara Hindi. Lakini waandishi wa Kireno walisema rubani aliyepatikana Malindi mwaka 1498 alikuwa mtu wa Gujarat, na wachunguzi wengi wa leo wameikataa tuhuma hiyo.

Habari nayo ni kipimo. Yatupasa tujue ukomo wake kabla ya kumhukumu maiti asiyeweza kujitetea.