Eric Liddell na Sanamu Isiyochongwa

Tukisikia neno sanamu, wengi wetu tunafikiria mti uliochongwa, na tunamhurumia yule anayeusujudia. Lakini sanamu nyingi za siku hizi zina sura nzuri. Zinaitwa kazi, kipaji, jina. Ndiyo maana wiki hii nawaletea maisha ya mkimbiaji, na sisi Wakenya mambo ya mbio tunayaelewa haraka.

Eric Liddell alizaliwa Tianjin, China, mwaka wa 1902. Wazazi wake walikuwa wamishonari kutoka Scotland. Alisomea Uingereza, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh. Huko mbio zake zikavuma, akachezea Scotland raga mara 7, na watu wakaanza kumhesabia medali ya mita 100 katika Olimpiki ya Paris ya 1924.

Ratiba ilipotoka, mchujo wa mita 100 ulikuwa Jumapili. Eric akakataa. Kwake Jumapili ilikuwa siku ya Bwana, basi. Wale mmeona ile filamu ya 1981 mnadhani alipata habari akipanda meli. Hapana, alijua miezi mingi mapema, na hiyo ni ngumu zaidi. Kukataa siku moja unaweza. Kukataa kila siku kwa miezi, huku watu wananung'unika kwamba umeiangusha nchi, hiyo ni imani. Mimi nilisomea biashara, na kwa hesabu za biashara ile ilikuwa hasara tupu: kuacha mbio unazozimudu na kufanyia mazoezi mita 400. Hata mbio za kupokezana vijiti aliziacha, kwa sababu hiyo hiyo ya Jumapili.

Huko Paris alipata shaba katika mita 200, kisha dhahabu katika mita 400 kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia.

Wahubiri wengi tunaishia hapo, tunapigiwa makofi, kama kwamba Mungu hulipa kwa medali. Eric hakuahidiwa dhahabu yoyote alipokataa. Na mwaka uliofuata, akiwa bado kijana wa miaka 23 na jina lake liko juu, aliacha yote akaenda China kufundisha shule. Kwangu, hapo ndipo sanamu ilivunjwa hasa.

Alioa mwaka wa 1934. Vita vilipokaribia, mwaka wa 1941, alimtuma mkewe Florence, aliyekuwa mjamzito, aende Canada na binti zao wawili. Binti wa tatu hakumwona kamwe. Mwaka wa 1943 Wajapani walimfunga katika kambi ya Weixian pamoja na wageni wengine, watoto wengi wakiwemo. Aliwafundisha masomo na kuwapangia michezo, isipokuwa Jumapili.

Sasa sikilizeni. Jumapili moja vijana walicheza hoki bila refa, wakapigana. Eric akaamua kuwa refa wao, Jumapili. Ndiyo, yule yule aliyeacha mita 100!

Kuna mpendwa atasema alilegea. Mimi sioni hivyo. Jumapili aliitunza kwa ajili ya Mungu, na kama angeishikilia huku watoto wanaumizana, hiyo Jumapili yenyewe ingegeuka sanamu. Tuko na watu kanisani hawakosi ibada hata moja, mfungo haukosi, na hawajasalimiana na ndugu zao tangu shamba ligawanywe. Wanaabudu nini?

Wakati wa baridi kali, mwanzoni mwa 1945, Eric alimpa kijana mmoja wa kambini viatu vyake vya kukimbilia, vimechakaa na kufungwafungwa na kamba. Alikuwa tayari anaumwa kichwa sana. Ulikuwa uvimbe kwenye ubongo. Alifariki tarehe 21 Februari, akiwa na miaka 43, miezi michache tu kabla kambi kukombolewa, na akazikwa huko huko China.