Aliyeyapa magari nambari aliwapenda mafundi

Pambo si dhambi. Tangu jadi binadamu hupenda kukirembesha kile alichokitolea jasho, na sisi wakazi wa Timau si haba katika jambo hili. Kando ya barabara itokayo Nanyuki kuelekea Meru hupita malori ya viazi yaliyochorwa simba na tai, matatu zenye taa za kila rangi, pikapu zilizoinuliwa juu na kufungwa vyuma vinene mbele, na pikipiki ambazo hata waliozitengeneza huko ng'ambo wangeshindwa kuzitambua. Hiyo ni kazi ya mikono ya mafundi wetu, nami ni miongoni mwa wanaoistahi.

Hata hivyo, katika urembo huo kuna jambo moja linalonikera, nalo ni mahali linapofungwa bamba la nambari. Wako wanaolikunja chini ya kiti cha pikipiki hadi likatazama mbingu. Wako wanaolificha nyuma ya vyuma vya mbele, wanaolitupa juu ya dashibodi nyuma ya kioo cheusi, na wanaolifunika kwa plastiki ya rangi ya moshi. Ukiwauliza, watakujibu kwamba bamba linaharibu sura ya gari. Wanafunzi wangu nao hupenda kuniuliza ni nani hasa aliyetuletea mabamba haya. Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni maisha ya mtu mmoja ambaye walimu na wanafunzi wanastahili kumjua.

Louis Lépine alizaliwa mjini Lyon, Ufaransa, tarehe 6 Agosti 1846. Alisomea sheria. Vita baina ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, alikwenda kupigana katika mji wa Belfort, ambao adui waliuzingira kwa zaidi ya siku 100. Alitoka huko na nishani ya ushujaa kifuani. Amani iliporejea, alifanya kazi ya uwakili kwa muda, kisha akaingia katika utawala wa serikali na kupanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akawa mkuu wa mkoa.

Bahati yake ilitokana na msiba wa wengine. Mapema Julai 1893, wanafunzi wa Paris waliandamana, na polisi walipowakabili, kijana mmoja aliyekuwa ameketi mkahawani akauawa. Ghasia zilienea mtaani kwa siku kadhaa. Mkuu wa polisi wa jiji aliondolewa, na Lépine akaitwa kushika nafasi yake. Alikuwa mtu mfupi mwenye ndevu ndogo, asiyependa kukaa ofisini. Palipokuwa na rabsha, yeye mwenyewe alionekana kwa miguu katikati ya umati.

Wakati huo magari yaendayo kwa mitambo yalikuwa machache mno. Watu wengi waliyaona kuwa michezo ya matajiri. Lépine aliona mbali zaidi. Tarehe 14 Agosti 1893, hata kabla hajatimiza miezi miwili kazini, polisi wa Paris walitoa amri iliyoweka masharti ya magari hayo. Mwendo usizidi kilomita 12 kwa saa mjini, na kilomita 20 nje ya mji. Dereva awe na cheti cha kuthibitisha kwamba anaweza kuendesha. Kila gari liwe na bamba la chuma lenye jina la mwenyewe, anwani yake na nambari ya kibali, yote yaandikwe kwa herufi zinazosomeka. Bamba hilo liwekwe upande wa kushoto wa gari, na lisifichwe kamwe. Aghalabu amri hii hutajwa kuwa chanzo cha mabamba ya magari duniani. Mwaka 1901 serikali ya Ufaransa iliendeleza fikra hiyo nchini kote, ikayataka magari yawezayo kwenda kasi ya zaidi ya kilomita 30 kwa saa yabebe nambari mbele na nyuma.

Tuzingatie jambo hili, wapenzi wasomaji. Tangu siku ya kwanza, sheria haikuridhika na kuwapo kwa bamba peke yake. Ilitaja mahali pake na usomekaji wake. Bamba lililopo lakini halisomeki lilihesabiwa kuwa kosa tangu enzi za magari yaliyokwenda polepole kuliko baiskeli.

Maisha ya Lépine hayakuwa ushindi mtupu. Mwaka 1897 alipelekwa Algeria kuwa gavana mkuu wa koloni hilo. Alikuta ghasia dhidi ya Wayahudi, akashindwa kuzituliza, na mwaka uliofuata akaondolewa. Alirudi katika polisi ya Paris mwaka 1899 na kubaki huko hadi 1913. Wafanyakazi waliogoma walimwona kuwa mkono mgumu wa serikali, wala hawakukosa sababu. Lakini ni yeye pia aliyewapa askari wa barabarani fimbo nyeupe za kuongozea magari na aliyewapandisha askari wa doria juu ya baiskeli. Mto Seine ulipofurika Januari 1910 na kupanda zaidi ya mita 8, alisimamia juhudi za kuwaokoa wakazi.

Mwishoni mwa utumishi wake, gari lilimjia kwa sura mpya. Tarehe 21 Desemba 1911, genge la majambazi lililohusishwa na Jules Bonnot lilimpora mtumishi wa benki jijini Paris, kisha likatoweka kwa gari la wizi. Polisi wenye farasi na baiskeli waliachwa wakila vumbi. Bonnot alizingirwa na kuuawa Aprili 1912, Lépine mwenyewe akiwapo. Tangu hapo kila mwenye akili alitambua kwamba gari lisilojulikana mwenyewe ni silaha.

Sasa nifike kwenye sehemu ya maisha yake ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1901, mtu huyu aliyeyafunga magari kwa masharti alianzisha maonyesho ya mafundi wadogo wa Paris. Waliounda vidude vya kuchezea na vifaa vya nyumbani katika vibanda vyao walikuwa wakihangaika kwa kukosa soko. Lépine aliwapa uwanja, zawadi na heshima. Maonyesho hayo hubeba jina lake hadi leo, zaidi ya miaka 90 baada ya kifo chake cha tarehe 9 Novemba 1933. Kwa lugha yetu, mkuu wa polisi aliyetaka bamba lisomeke ndiye yule yule aliyekuwa mlezi wa jua kali. Hakuona ugomvi wowote baina ya ubunifu na sheria.

Sheria yetu haiko mbali na yake. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka kila gari lifungiwe mabamba ya nambari kwa idadi, muundo na namna iliyoagizwa. Mwaka 2022 serikali ilizindua mabamba mapya yenye alama za kuzuia kughushiwa. Lakini bamba lisiloweza kughushiwa lina faida gani iwapo limekunjwa kama chapati?

Nayajua manung'uniko ya baadhi ya wazee, wala siyadharau. Katika nchi hii nambari ina historia chungu. Tangu mwisho wa mwaka 1919, wanaume Waafrika walianza kulazimishwa kubeba kipande, na wengi wao walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Mashamba ya walowezi, yakiwemo ya hapa Timau, yalilimwa na watu wenye nambari. Harry Thuku alikipinga kipande pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa, akakamatwa Machi 1922 na kupelekwa uhamishoni. Mtu aliyerithi kumbukumbu hiyo ana haki ya kuitilia shaka nambari yoyote. Lakini kipande kilimfunga mnyonge ili mwenye nguvu amchunge. Bamba la gari linamfunga mwenye nguvu, yaani aliyeshika usukani, ili mnyonge anayetembea kwa miguu apate pa kudai haki. Kuyafananisha mambo haya mawili ni kumkosea heshima Thuku.

Mwaka jana mwanafunzi wetu wa Gredi ya Sita aligongwa na pikipiki jioni akirudi nyumbani, akavunjika mguu. Mwendeshaji hakusimama. Walioshuhudia walikuwa watu wanne, na wote waliieleza pikipiki hiyo kwa ufasaha: rangi yake, picha ya tai kwenye tangi, hata vishada vilivyoning'inia kwenye usukani. Hakuna aliyeiona nambari, kwa kuwa bamba lilikuwa limekunjwa chini ya kiti. Gharama ya hospitali ilimwangukia mama anayevuna viazi kwa kibarua. Pambo lilionekana na watu wote, na haki ikakosa pa kuanzia.

Kwa hivyo rai yangu kwa walimu wenzangu ni kwamba, tunapowafundisha vijana kuchora na kuchomea vyuma, tuwafundishe pia kwamba kila kazi ya sanaa ina sehemu isiyokuwa mali ya msanii. Na kwenu vijana mtakaokuwa mafundi wa kesho: pakeni rangi, chongeni simba, inueni magurudumu kadiri sheria inavyoruhusu. Fundi stadi hulipangia bamba mahali pake kabla hajaanza kupamba, na gari lake hutoka likiwa zuri na linasomeka. Lile bamba dogo mliachie yule msiyemjua, ambaye huenda siku moja akawa amelala kando ya barabara, akiwa hana tegemeo jingine ila tarakimu chache alizowahi kuziona.