Sheikh Ramiya: mtoto wa Maniema aliyefika Bagamoyo mtumwa, akafa mwalimu wa moyo

Waislamu wa Kindu, Kasongo na Kabambare wanajua vizuri dhikri ya Kadiria. Hata jirani ambaye haiko Mwislamu ameisha kuisikia usiku: sauti za watu wengi pamoja, pole pole kwanza, kisha haraka, kisha kimya. Lakini wachache kati yetu wanajua kwamba mmoja wa masheikh wakubwa wa njia hiyo, pwani ya Tanzania, alitoka hapa kwetu. Alitoka Maniema, na hakutoka kwa mapenzi yake.

Jina lake ni Sheikh Yahya bin Abdallah. Watu wa Bagamoyo walimuita Sheikh Ramiya. Alikufa mwaka 1931.

Safari ya mateka

Tukumbuke kwanza wakati ule. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Maniema ilikuwa inchi ya pembe za ndovu na ya watumwa. Tippu Tip aliweka makao yake pa Kasongo. Pa Nyangwe, kandokando ya mto Lualaba, mwaka 1871 watu wa misafara walipiga bunduki katikati ya soko na kuua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Mzungu Livingstone alikuwa pale, akaona kwa macho yake.

Watoto waliokamatwa walitembezwa mpaka Ziwa Tanganyika, wakavushwa kwa mitumbwi mpaka Ujiji, kisha Tabora, kisha pwani. Kutoka Kasongo mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilometa 1 300, hata ukipima sawa na ndege anavyoruka. Kwa miguu ilikuwa miezi na miezi. Wengi walikufia njiani.

Bagamoyo ndiyo ilikuwa mwisho wa ile barabara. Wazee wanaeleza jina la mji huo kwa maneno mawili, bwaga moyo. Mpagazi aliyetua mzigo alisema hapa moyo unapumzika. Mtumwa naye alisema hapa moyo wangu unabaki, juu mbele kuna bahari tu.

Yahya alifika pale akiwa mtoto. Akaingia katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, Mwarabu wa asili ya Oman ambaye alikuwa liwali, maana yake mkubwa wa serikali katika mji.

Mtu bila ukoo

Pwani wakati ule, swali la kwanza lilikuwa: wewe ni mtoto wa nani? Mwenye kujibu kwa majina ya mababu wa Arabuni alikaa mbele, hata msikitini. Mtumwa hakuwa na jibu. Hata jina bin Abdallah linatuonyesha hivyo. Abdallah ni mtumishi wa Mungu, na ndilo jina la baba walilopewa watu wengi ambao baba zao hawakujulikana pale.

Katika ile nyumba Yahya alipata elimu ya dini. Baadaye akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, akawa mtu wa mali. Wengine wangeishia hapo. Yeye aliendelea kusoma, akafungua shule yake ya Kurani, na akaingia katika njia ya Kadiria.

Njia hiyo inaitwa kwa jina la Abdulkadir Jilani, mwalimu aliyekufa Baghdad mwaka 1166. Katika Afrika ya Mashariki, mmoja wa walioieneza sana ni Sheikh Uways wa Barawa, pwani ya Somalia, ambaye alifanya kazi Unguja tangu miaka ya 1880 na akauawa na wapinzani wake mwaka 1909. Toka Unguja ikaingia bara.

Sasa sikiliza jambo moja. Kila anayeingia Kadiria anapewa silsila. Ni mnyororo wa majina: mwalimu wako, mwalimu wa mwalimu wako, mpaka Abdulkadir, mpaka Mtume mwenyewe. Mtu aliyenyang'anywa majina ya babu zake anapewa majina mengine ya kutaja, na hakuna anayemuuliza tena ametoka tumbo gani. Ndiyo maana watumwa wa zamani na Wamanyema wa pwani walijaa katika njia hii. Ramiya alipopata ijaza, yaani ruhusa ya kuongoza, walikuwa na khalifa ambaye alijua mnyororo wa aina zote mbili, ule wa chuma na ule wa majina.

Moyo ni kioo

Alifundisha nini? Alifundisha kazi ya moyo, sawa masufi wanavyoifundisha tangu karne nyingi.

Wanasema moyo ni kioo. Kiburi, wivu na kisasi ni kutu juu ya kioo hicho. Mungu haiko mbali, ila kioo kilichojaa kutu hakionyeshi kitu. Dhikri, maana yake kumkumbuka Mungu, ndiyo kitambaa cha kusugulia.

Kazi inaanza mtu akiwa peke yake. Baada ya sala anasoma uradi, maneno aliyopewa na mwalimu wake, kwa hesabu na bila haraka. Kisha kuna duara ya watu. Wanakaa, wanasoma Fatiha, wanataja majina ya silsila. Wanaanza shahada pole pole, kichwa kinatoka kuume kinashuka kushoto, mahali moyo unapodunda. Pumzi inafuata maneno. Wanasimama, sauti inapanda, mpaka linabaki jina moja tu la Mungu. Khalifa anatoa alama, wote wananyamaza.

Mgeni anafikiri zile sauti ndizo dhikri yenyewe. Masufi wanasema sauti ni mlango. Kwanza ulimi unakumbuka na moyo unatangatanga. Kisha ulimi na moyo vinakwenda pamoja. Mwisho ulimi unanyamaza na moyo unaendelea peke yake, hata sokoni, hata shambani. Kufika hapo ni kazi ya miaka, tena inahitaji mwalimu, juu mtu peke yake anaweza kudanganywa na nafsi yake, akadhani amefika kumbe amezidisha kiburi tu.

Mtoto aliyetolewa kwa mama yake kwa bunduki alikuwa na sababu zote za kubeba kisasi mpaka kaburini. Ramiya alitumia maisha yake kufundisha watu wenye kidonda kama chake namna ya kusugua moyo.

Kwenye kiti cha bwana

Mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walimfukuza Mdachi Bagamoyo. Walipotafuta liwali, walimchagua Sheikh Ramiya. Kazi aliyoifanya bwana wake, sasa aliifanya yeye. Na tuangalie tarehe vizuri: utumwa ulifutwa na sheria katika Tanganyika mwaka 1922 tu. Mtu aliyefika pale mtumwa alikuwa mkubwa wa mji katika inchi ambayo utumwa ulikuwa bado haujakatazwa kabisa.

Alipokufa, mtoto wake Muhammad alishika nafasi yake katika Kadiria. Mpaka leo Wakadiria wanakwenda Bagamoyo kwa ziara.

Kadiria nayo ilifuata ile barabara ya misafara kinyumenyume: Tabora, Ujiji, ikavuka ziwa, na katika miaka ya 1920 ilikuwa imefika Maniema. Wabeleji waliitilia mashaka sana, wakawaangalia wafuasi wake kama watu wa kuleta fujo. Haikuzimika.

Katika majimbo yetu, swali la wewe ni mtoto wa nani limeua watu wengi, na mpaka sasa kuna watoto wanaopelekwa msituni kwa bunduki. Wanaorudi wanakuta nyumba haiko tena, au jirani anawaogopa. Sheikh Ramiya hakurudi Maniema. Lakini katika duara yake mtoto wa namna hiyo alipata mahali pa kukaa na jina la kutaja, na kazi ya kufanya juu ya moyo wake kila alfajiri.