Rutarindwa, mrithi aliyebaki bila mlinzi

Shangi iko ng'ambo ya ziwa letu. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alimchagua mwanawe Rutarindwa awe mrithi, na kwa kuwa mama yake alikuwa amekufa, akampa Kanjogera kuwa mama yake wa ufalme. Rwabugiri alifariki mwaka 1895, akielekea vitani Bushi. Mwaka 1896 Bisangwa, shujaa aliyemlinda Rutarindwa, aliuawa Shangi na askari wa Wabelgiji. Ndipo Kanjogera na ndugu zake wakamgeuka kijana huyo. Kule Rucunshu aliteketea ndani ya nyumba, na Musinga, mwana wa Kanjogera, akatawala. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga naye, wakamhamishia Kamembe, jirani yetu. Tusome Zaburi 146, tujiulize: tumemtegemea nani?