Watu wa Miti: Maisha ya Richard St. Barbe Baker, aliyewaita vijana kwenye ngoma ya miti

Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya walipewa siku ya mapumziko ili watoke kwenda kupanda miti. Lengo la serikali ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Kupanda ni kazi ya siku moja. Kazi ngumu huja baadaye, mvua ikikatika na mbuzi wakiingia: nani ataitunza hiyo miche?

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, huko Muguga karibu na Nairobi, ofisa mmoja wa misitu alikutana na swali hilohilo. Hakuwa na fedha, na watu aliotumwa kwao hawakuwa na sababu ya kumwamini. Aliwaendea vijana.

Alitoka wapi?

Richard St. Barbe Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na kitalu cha miti, kwa hiyo tangu utotoni alizoea kusia mbegu na kutunza miche.

Akiwa na umri wa miaka 20 hivi alikwenda Kanada na kusoma katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan. Huko aliwaona walowezi wakilima mbuga na kung'oa vichaka na miti iliyokuwa ikikinga upepo. Udongo ukaanza kupeperuka. Pia alifanya kazi katika kambi ya wakata mbao, akaona jinsi miti mingi ilivyoharibiwa bure. Hapo ndipo alipoamua kusomea misitu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimchelewesha. Alijeruhiwa nchini Ufaransa, na baada ya vita alisoma elimu ya misitu Cambridge. Mwaka 1920 akatumwa Kenya kama msaidizi wa mhifadhi wa misitu.

Alikuta nini Kenya?

Alikuta misitu ikipungua upesi. Treni za wakati huo zilichoma kuni. Walowezi walikuwa wamechukua sehemu kubwa ya ardhi nzuri, na Wakikuyu waliobanwa katika eneo dogo walilazimika kufyeka zaidi ili walime. Kwa hiyo mkulima hakuwa peke yake katika uharibifu huo, na serikali iliyomlipa Baker mshahara ilikuwa sehemu ya tatizo.

Idara yake haikuwa na fedha za kuajiri wapandaji. Alipowaendea wazee kuwaomba msaada, walimjibu kwamba kuotesha miti ni shauri ya Mungu. Miti mikubwa hudondosha mbegu, na midogo huota yenyewe. Kwa watu waliokuwa wameishi kando ya msitu mnene vizazi na vizazi, jibu hilo lilikuwa na maana. Lakini sasa miti mikubwa ya kudondosha mbegu ilikuwa inakwisha.

Ngoma ya miti ilikuwaje?

Baker alikuwa ameona kwamba Wakikuyu walicheza ngoma kabla ya jambo kubwa. Kulikuwa na ngoma ya kupanda mbegu na ngoma ya mavuno. Ya miti haikuwepo. Akashauriana na Chifu Josiah Njonjo, baba yake Charles Njonjo aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Wakakubaliana kuianzisha.

Tarehe 22 Julai 1922, kwa simulizi yake Baker, vijana wapatao 3,000 wa rika la askari walifika Muguga wakiwa wamejipamba. Kulikuwa na zawadi ya fahali kwa kijana aliyependeza kuliko wote, na mkufu wa shanga kwa msichana mrembo kuliko wote. Mwishoni wakaitwa watu wa kujitolea, na 50 wakachaguliwa kuwa wa kwanza. Walijiita kwa Kiswahili, Watu wa Miti.

Kila mmoja aliahidi mbele ya Mungu mambo matatu: kulinda msitu wa asili, kupanda miti 10 ya asili kila mwaka, na kutunza miti popote ilipo. Neno lao la siri lilikuwa twahamwe, yaani sote pamoja kwa Kikuyu. Walikusanya mbegu msituni, wakaanzisha vitalu, wakapanda miti ya asili kama mutarakwa katikati ya mazao, ili shamba likiachwa lipumzike, miti iwe imeshashika.

Kwa nini aliondoka?

Siku moja ofisa mkubwa wa Kizungu alinyanyua mkono kumpiga Mwafrika. Baker akajiweka katikati, pigo likampata yeye. Katika utawala wa kikoloni, kumkingia Mwafrika dhidi ya mkubwa wako lilikuwa kosa. Nafasi yake ikaharibika, akahamishiwa Nigeria, na baadaye akaachana na utumishi wa serikali.

Hakuachana na miti. Mwaka 1924 alianzisha Uingereza chama kilichofuata mfano wa Muguga. Chama hicho kipo hadi leo kwa jina la International Tree Foundation. Mwaka 1952 alianza safari ya kuvuka jangwa la Sahara, akaja kupendekeza ukanda wa miti wa kulizuia. Mwaka 2007 Umoja wa Afrika ulizindua mpango wa Ukuta Mkubwa wa Kijani, wenye wazo linalofanana na hilo.

Hakuacha pia kuwaendea vijana. Mwaka 1963, akiwa amepita miaka 70 na akiishi New Zealand, alipanda farasi na kuzunguka nchi hiyo akizungumza na maelfu ya watoto shuleni kuhusu miti. Alifariki tarehe 9 Juni 1982 huko Saskatoon, Kanada, mji aliosomea ujanani. Siku chache kabla, katika Siku ya Mazingira Duniani, alikuwa amepanda mti wake wa mwisho.

Tunajifunza nini leo?

Baker hakuokoa misitu yote ya Kenya. Wala hakuwafundisha Wakikuyu kuujua msitu, maana waliujua kabla yake. Alichofanya ni kuitoa kazi ya miti kwenye amri ya ofisi na kuiweka mikononi mwa vijana wenyewe, ndani ya mila yao na mbele ya wazee wao.

Tazama pia ile ahadi. Miti 10 kwa mwaka ni idadi ambayo kijana mmoja anaweza kuimwagilia, kuizungushia miiba na kuikumbuka. Nayo haikuishia kwenye kupanda, ilitaja kutunza. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, alifuata njia inayokaribiana na hiyo. Kina mama walilipwa kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila shimo lililochimbwa.

Kama wewe ni mwalimu, mlezi wa klabu ya mazingira au kiongozi wa vijana kijijini, jaribu hivi msimu huu wa mvua. Kila kijana achague miche michache. Jina lake liandikwe kwenye daftari la klabu pamoja na aina ya mti na mahali ulipo. Mwisho wa kiangazi rudini mkahesabu iliyo hai. Ikiwa kuna ya kusherehekea, leteni ngoma siku hiyo ya kuhesabu.