Siti binti Saad: Sauti ya ng'ambo iliyovuka bahari

Kama unaishi Likoni, Kisauni au Changamwe, neno ng'ambo huna haja ya kuliangalia kwenye kamusi. Ng'ambo ni kwako. Kila asubuhi unavuka: wa Likoni kwa feri, wa Kisauni kwa daraja la Nyali, wa Changamwe kupitia Makupa. Ukisema unaenda mjini, kila mtu anajua unaenda kisiwani, ambako kuna ofisi kubwa, mahakama na benki. Asubuhi unakwenda kutafuta, jioni unarudi kulala. Na ukizoea sana maisha hayo, unaweza kuanza kuamini kwamba mambo ya maana husemwa upande ule, na kazi ya upande huu ni kusikiliza tu.

Basi hebu nikupe stori ya mama mmoja aliyekataa mpango huo. Alikufa mwaka 1950, kabla hata bibi zetu wengi hawajaolewa, lakini ukiniuliza ni mwimbaji gani wa pwani hii aliyejua kusimama mbele ya watu na kuwatikisa, sitafika mbali. Nitakwambia Siti binti Saad.

Tuanze na jina, manake jina lenyewe ni habari. Siti alizaliwa mnamo 1880 hivi huko Fumba, kijiji cha kusini magharibi mwa Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, watu wa jembe na udongo. Mtoto wakampa jina la Mtumwa. Ndiyo, umesoma sawasawa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria kule hadi 1897, huyu msichana akiwa na miaka kama 17. Kwa hiyo jina lake halikuwa mzaha wala mapambo. Lilikuwa linasema amezaliwa tabaka gani.

Usidhani hayo ni ya Unguja peke yake. Kwetu huku, pwani ya Kenya, sheria ya kufuta utumwa ilikuja 1907. Na wewe wa Kisauni, pale Kengeleni unapopita na matatu kila siku, ile kengele ni ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mahali petu tumepaita kwa kengele hiyo, halafu wengi wetu tunapita bila kuitupia jicho. Msichana aliyeitwa Mtumwa ni wa historia hiyohiyo, bahari tu ndiyo iliyo katikati.

Fumba walikuwa wakifinyanga vyungu. Mama yake alifinyanga, naye akajifunza. Kisha vyungu vinapakiwa kichwani, safari inaanza, mitaa baada ya mitaa, hadi mjini. Mchuuzi wa kutembeza bidhaa ana silaha moja tu, nayo ni sauti. Lazima imfikie mtu aliye ndani, anapika, mlango umefungwa, mtoto analia. Tena isimchoshe, manake akichoka hafungui. Ikabidi msichana huyu ajifunze kunadi vyungu kwa namna ambayo watu wanataka kuisikia. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakiitambua sauti yake kabla hawajamwona, na wapo waliotoka nje si kwa sababu wanahitaji chungu.

Fikiria hilo kidogo. Ushapita soko la Kongowea asubuhi ukasikia wale wanaonadi nyanya na ndizi. Ushasikia makanga wa Bombolulu akiita abiria bila kupumua. Tunaziita kelele, tunapandisha sauti ya muziki kwenye simu. Lakini chuo cha Siti kilikuwa hichohicho. Hakwenda shule. Hakuwa na cheti wala karatasi yoyote ya kuonyesha mtu. Mimi niliyeacha chuo katikati, hapa huwa natulia kidogo. Pumzi ndefu, sauti inayofika mbali, kujua wakati wa kuvuta neno na wakati wa kulikata, yote aliyapata njiani, jua likiwaka, mzigo kichwani.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwan Safaa. Kama hulijui jina hilo, ni klabu ya taarab iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, na hadi leo ipo. Ali Muhsin aliisikia sauti, akaelewa amekutana na kitu gani. Akamfundisha kuimba na ala, akamfundisha kutamka maneno ya Kiarabu vizuri. Manake lazima ujue, taarab ya wakati ule ilikuwa muziki wa wakubwa. Ilipata makao katika jumba la Sultan Barghash katika miaka ya 1870 na 1880, ikiimbwa Kiarabu, kwa mtindo wa Misri. Mwanamke mweusi wa shamba, mwenye jina la Mtumwa, hakuwa na kiti pale.

Kiti akakipata. Akaunda kundi na wanaume waliokuwa wajuzi wa ala: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam aliyekuwa kipofu, na Mwalimu Shaaban. Wakaanza kualikwa kwenye harusi na majumba ya matajiri, hadi kwa Sultan. Na jina lile la kuzaliwa likabaki nyuma. Mahali pake likakaa Siti, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha bibi, mwanamke wa heshima. Kutoka Mtumwa hadi Siti. Mtu mmoja, maisha mamoja.

Sasa, wangapi wakipanda hadi pale hukumbuka walikotoka? Siti aliishi Ng'ambo. Si mchezo wa maneno. Mtaa wenyewe uliitwa hivyo. Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, ulitenganishwa na hori la maji na upande wa pili, ambako waliishi maskini, vibarua, wachuuzi na watu waliotoka utumwani. Ukitaka kuvuka ulipita darajani, na hadi leo mahali pale panaitwa Darajani. Upande wa pili ni Ng'ambo. Inakukumbusha kitu?

Huko Ng'ambo, nyumba yake ikawa ukumbi. Usiku majirani walikuja kusikiliza mazoezi, watu wakijaa mpaka nje. Kati ya wimbo na wimbo, wenzake waliigiza vichekesho vifupi, wakiwaiga wenye vyeo, watu wakicheka mpaka machozi. Halafu Siti anaimba na kicheko kinakufa. Hapakuwa na maikrofoni wala spika za kukodi. Sauti ileile iliyokuwa ikipenya milango ya watu ikiwa inauza vyungu, sasa ilipenya kimya cha watu waliomakinika.

Na aliimba Kiswahili. Leo unaona kawaida, lakini wakati ule ilikuwa ni kuchukua muziki wa kwenye jumba la mfalme na kuupa lugha ya mtu anayefua nguo kwenye jumba hilo. Aliimba mapenzi, sawa, lakini aliimba pia habari za mtaa: kesi za mahakamani, wanaume wanaopiga wake zao, wenye nafasi wanaowadhulumu wasiojua kusoma. Mtu aliyeshindwa kesi mchana aliweza kusikia usiku kisa chake kikiimbwa, tena kwa upande wake.

Wapinzani hawakukosa. Walimtungia nyimbo za kumdhihaki, kwamba ametoka shamba miguu imejaa vumbi, ati jana alikuwa anauza vyungu na leo anajiita bibi, na sura yenyewe hana. Yaani matusi ya mtandaoni tunayoyajua, ila yao yaliimbwa. Siti hakukana hata moja. Alijibu kwa wimbo, akasema kwa maneno yake kwamba uzuri wa sura na ukoo si kitu, akili ndiyo ya kuangaliwa. Jibu hilo limeishi kuliko dhihaka yenyewe. Waliomtukana majina yao nani anayajua leo?

Mwaka 1928, Siti na kundi lake wakapanda meli hadi Bombay, India, kurekodi na kampuni ya His Master's Voice. Anatambuliwa kama mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi sahani za santuri. Zile sahani ziliuzwa kwa makumi ya maelfu. Kwa mtu asiye na santuri, mkahawa ulikuwa nayo. Unanunua kahawa yako, unakaa, unasikiliza. Pwani nzima ikamjua mwanamke ambaye wengi hawakuwahi kumwona.

Upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika tatu tu. Mtu aliyezoea kuimba usiku kucha akalazimika kujibana ndani ya dakika tatu. Baadhi ya rekodi hizo ziko kwenye intaneti. Tafuta usiku, weka visikizi. Mwanzo utasikia mikwaruzo, kama samaki anakaangwa. Usikate tamaa. Inakuja fidla, udi unajibu, halafu sauti inapanda juu ya vyote: kali kidogo, ya puani kidogo, haina haraka. Haikubembelezi. Inavuta irabu ya mwisho, inaizungusha, inaiachia. Hata maneno yakikupita, na mengine yatakupita, unajua unaambiwa jambo na mtu anayetaka ulielewe.

Lakini wimbo wa kumjua Siti ni ule wa Kijiti. Kisa chenyewe, kama wimbo unavyokisimulia, ni hiki. Mwanamke mgeni, mjamzito, alitoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja. Akatolewa matembezi ya usiku, kwenye ngoma na vinywaji. Mwanamume aliyeitwa Kijiti akamnajisi na kumuua, kisha akatoroka akavuka hadi bara. Wanawake waliokuwa na marehemu wakaenda mahakamani kueleza. Unajua kilichotokea? Hasira ya sheria ikawaangukia wao, kwa sababu ya pombe iliyokuwepo, wakafungwa. Muuaji yuko nje, mashahidi wako ndani.

Mahakama ilikuwa ya serikali ya Waingereza, na ilishafunga faili lake. Siti akalifungua tena, kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Jina la muuaji lilitajwa harusini, likatajwa mikahawani, likaingia kwenye santuri. Kijiti alikwepa jela, lakini hakukwepa Siti. Karibu miaka 100 baadaye, wewe uliyeko Mtongwe au Mikindani unajua alichofanya.

Hapo ndipo mapenzi yangu kwa huyu mama yanapotoka. Tunazungumza juu ya sauti nzuri kana kwamba ni mali ya koo, kama vile mtu kuzaliwa mrefu. Sauti ya Siti iliwagusa watu kwa sababu ya mahali ilipopelekwa. Angeweza kubaki na nyimbo za kuwasifu matajiri, akala vizuri, akavaa vizuri. Badala yake aliipeleka kwa mwanamke aliyekufa ambaye hakuwa na ndugu wa kumsemea kisiwani pale.

Na usiniambie hayo yamepitwa na wakati. Januari 2024 wanawake wa Kenya waliingia barabarani kupinga mauaji ya wanawake. Kumbuka maswali yaliyokuwa yakiulizwa mitandaoni siku hizo: alifuata nini kule, kwa nini alikwenda usiku, alikuwa amekunywa? Ni maswali yaleyale ya kesi ya Kijiti. Siti alikuwa amekwisha kuyajibu.

Alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya kifo alikuwa amekutana na Shaaban Robert, ambaye baadaye aliandika wasifu wake. Ndiyo sababu mwanamke ambaye hakusoma shule amesomwa na wanafunzi wengi. Fatuma binti Baraka, yule unayemjua kama Bi Kidude, alijifunza akiwa msichana kwa kumsikiliza Siti, akaendelea kuimba hadi alipofariki mwaka 2013. Na wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, walipoanzisha jarida lao la kutetea wanawake, waliliita Sauti ya Siti.

Kwa hiyo wewe kijana wa ng'ambo unayerekodi na simu chumbani, blanketi likiwa dirishani kuzuia kelele za matatu, tayari una studio kuliko aliyokuwa nayo Siti kwa miaka mingi. Wimbo wa mapenzi uimbe, hata yeye aliimba. Ila mtaani kwako kuna kisa ambacho kila mtu anakijua na hakuna anayekitaja kwa sauti. Kuna mama aliyekwenda kituo cha polisi mara tatu akarudi mikono mitupu. Jirani zako wanangoja mtu mmoja akiseme, tena akiseme vizuri, mpaka wale wa upande wa pili wa maji wafungue mlango waulize ni nani huyo anayeimba.